Sura ya 6: Julai Ina Kalenda Tatu

Mgeni kutoka Ujerumani akishuka Unguja mwezi wa Julai huamini kuwa ameingia majira ya joto, kwa sababu kwao ndivyo ilivyo. Mwenyeji wake wakati huo ameshaanza kujifunika shuka mbili. Ni kipupwe. Kusi linavuma tangu asubuhi, maji ya kuoga alfajiri yanauma, na mtoto anayekwenda chuoni huvalishwa sweta. Kinachopanda joto ni bei ya vyumba tu, kwa kuwa shule za Ulaya zimefungwa na ndege zinatua zimejaa.

Pamoja na hayo, mtu akiniuliza lini aje kutembea pwani na familia yake, humwambia aje Julai. Masika yameshaondoka, njia za mashamba zimekauka, jua halichomi kama la Februari, na sherehe zimerundikana. Tatizo ni kwamba sherehe hizo hazifuati kalenda moja. Kuna kalenda ya ukutani, ile ya Januari hadi Desemba. Kuna ya mwezi mwandamo, inayotupa Idi na Maulidi. Na iko ya tatu, kongwe, ambayo mijini imekwisha kusahauliwa, lakini wakulima na manahodha wa zamani waliitegemea kujua lini walime na lini watweke tanga. Anayepanga matembezi kwa ile ya kwanza peke yake hufika mahali pazuri siku isiyo yake.

Kabla ya kalenda, tuzungumze maji.

Familia nyingi za Dar es Salaam hufika Jambiani au Bwejuu saa nne asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea garini, na bahari haipo. Iko kule mbali, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Kati yao na huo mstari ni mchanga, majani ya baharini, vidimbwi vya maji yaliyopashwa na jua, na safu za vigingi vya mwani. Watoto wananuna. Baba anamwendea mtu wa mapokezi kuuliza kama picha za kwenye simu zilikuwa za mahali pengine.

Zilikuwa za papo hapo, ila saa nyingine. Pwani ya Unguja maji huweza kupanda na kushuka karibu mita 4 siku za bamvua, na upande wa mashariki ufuko ni tambarare, kwa hiyo mita chache za kina huwa mwendo mrefu wa miguu. Mvuvi yeyote atakupa hesabu yake bila kutazama saa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, au siku moja mbili baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele dakika 50 hivi, mpaka ikifika wiki moja mambo yamepinduka na saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa.

Basi anayetaka watoto waogelee asubuhi Paje au Jambiani atazame mwezi, achague siku za nusu yake. Anayetaka kutembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba aje wakati wa bamvua, avae viatu vya mpira kwa ajili ya wanyama wa miiba myeusi waliojibanza kwenye mawe, na ageuke mapema, kwa sababu maji hayarudi kwa mstari mmoja: huzunguka kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako. Asiyetaka hesabu yoyote aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako ufuko unashuka haraka na bahari haikimbii mbali. Wengi huenda huko kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana huko hakuna nafasi.

Mimi bamvua naipenda kuliko maji yaliyojaa. Saa tatu asubuhi wanawake wa Jambiani wanashuka na magunia na vikamba, wanaingia kwenye mashamba yao ya mwani, ambayo kilimo chake cha biashara kilianza upande huu mwaka 1989. Wanachutama kwenye maji ya magotini, kamba imekazwa kati ya vigingi viwili, na kila kipande cha mwani kinafungwa kwa kijikamba chake, kimoja baada ya kimoja, vidole vikifanya kazi huku mazungumzo yakienda kwenye harusi ya nani na mkopo wa nani. Mgeni mwenye adabu hapiti juu ya kamba. Anazunguka. Akitoa salamu kwanza na simu baadaye, mara nyingi anapata picha na maelezo juu yake. Akianza na simu, anapata mgongo.

Mchana kusi linapopata nguvu, bahari hiyo hiyo ya Paje hujaa watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa za rangi. Upepo uliorudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi sasa unalipiwa kwa saa.

Sasa ile kalenda ya tatu. Ni ya Nairuzi, na asili yake ni Uajemi. Mwaka wake una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja ukilinganisha na kalenda ya ukutani. Wairani walirekebisha hesabu yao, nao wanasherehekea Machi. Huku kwetu hesabu iliachwa iteleze, ikateleza mpaka Julai. Kwa miongo hiyo watu walijua lini kupanda na lini bahari haifai kusafiriwa. Lamu na Mombasa nako siku ya mwaka ilikuwa na mambo yake: ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa, ili balaa lisipate mlango. Lakini mahali ambapo sherehe hii imebaki na nguvu zake ni Makunduchi, kusini kabisa mwa Unguja, na jina lake ni Mwaka Kogwa.

Huwa mnamo tarehe 22 hadi 24 Julai. Siku kubwa ni moja, ingawa kwa desturi shamrashamra huendelea siku nne. Daladala namba 310 hukufikisha kutoka mjini, na siku hiyo kila chenye magurudumu kinaelekea kusini: mabasi ya skuli, malori yenye ngoma nyuma, pikipiki za watu watatu. Fika kabla ya adhuhuri. Wengi huja alasiri wakakuta majivu.

Kwenye uwanja wanaume wanajigawa pande mbili, za kusini na za kaskazini za mji. Kila mmoja ameshika kigogo cha mgomba kilichokatwa asubuhi. Wengine wamevaa makoti mazito ya baridi ambayo hakuna mtu anayeyahitaji kisiwani, na wapo wanaokuja na kofia za pikipiki. Zamani, wazee husema, zilikuwa fimbo. Kisha wanakwenda. Mgomba mbichi umejaa maji, na ukimpata mtu mgongoni unatoa mlio mzito wa kulowa, utomvu unaruka, nyuzi zinaning'inia, na mpigaji anabaki na kipande kifupi anachokitazama kwa masikitiko kabla ya kwenda kutafuta kingine. Baada ya dakika chache nguo zote zina madoa ambayo hayatoki. Kinachopigwa hapo ni kinyongo cha mwaka mzima: mpaka wa shamba, deni lisilolipwa, neno lililosemwa kwenye msiba. Mkishapigana mmemaliza, kesho haitakiwi kuwa na kesi. Nimeona wanaume wakisakana uwanjani kwa majina, na jioni wakila sahani moja.

Wanawake wakati huo hawako pembeni. Wamevaa kanga mpya, wanazunguka wakiimba, na nyimbo zao huwapiga wanaume kuliko migomba. Mambo ya chumbani yanatajwa mbele ya mkuu wa wilaya. Ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo mama mtu mzima, mcha Mungu, anaweza kuyatamka hayo hadharani na mwanawe akacheka. Mgeni asiyejua Kikae, lahaja ya huko, hukosa nusu ya sherehe. Amwombe jirani amtafsirie, ingawa jirani huenda akaona haya.

Halafu kibanda. Kimejengwa kwa makuti makavu, kidogo, cha kuingia watu wachache. Mzee anaingia, moto unatiwa, na hayo makuti hayahitaji kubembelezwa. Moshi unapanda, watu wanapiga kelele, mzee anachomoka upande wa nyuma na kukimbia. Wapo wanaotazama moshi umelalia wapi, wapate kujua mwaka utakuwaje. Kwa kuwa ni Julai na kusi linavuma, moshi una upande wake unaoupenda, lakini hilo si jambo la kumwambia mzee aliyetoka motoni.

Kinachofuata ni ngoma, biashara, na kula. Na hapa ndipo Makunduchi inapotofautiana na matamasha mengine yote ya pwani ninayoyajua. Mgeni anahitajika. Kila nyumba siku hiyo inatakiwa ipate mtu wa kumkaribisha, na isiyopata hujihesabu imepungukiwa. Kijana atakushika mkono njiani, mtu hujawahi kumwona, na dakika tano baadaye umeketi mkekani mbele ya wali na mchuzi wa pweza, bibi anakuuliza mbona huli. Usikimbilie pochi. Peleka zawadi uliyoibeba kutoka mjini, sukari au majani ya chai, umpe mwenye nyumba wakati wa kuaga. Mavazi ni ya kufunika mabega na magoti, kwa wanaume pia.

Sipendi sana jinsi jukwaa linavyokua. Viti vyenye kitambaa, spika, orodha ya wakuu wanaotambulishwa, mmoja baada ya mwingine, huku wanaume na migomba yao wamesimama juani wakisubiri ruhusa ya kugombana. Serikali inafanya vyema kuitangaza sherehe hii, na barabara nzuri imeletwa kwa ajili ya hadhi yake. Lakini hotuba ya robo saa ingetosha.

Kalenda ya mwezi huwapa taabu zaidi wapangaji wa safari, kwa sababu kila mwaka sikukuu zake hutangulia siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2016 Idi ya kumaliza Ramadhani iliangukia wiki ile ile ya Sabasaba. Mwaka 2021 Idi kubwa ilikuja karibu kabisa na Mwaka Kogwa, na ndugu zetu wa Makunduchi walikula nyama wiki nzima. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, na wenye hoteli bora waanze kufikiria.

Idi ya Unguja ni ya watoto. Huwa na siku nne, sikukuu mosi, pili, tatu na nne, na kila alasiri mji unamiminika Mnazi Mmoja. Pemba wanakwenda Tibirinzi, Chake Chake. Mtoto ameshika mkono wa Idi aliokusanya kwa wajomba na shangazi tangu asubuhi, noti mbichi zilizokunjwa ndani ya kijipochi cha shanga, na anazimaliza kwenye pembea, aiskrimu ya vijiti, bastola za maji na miwani ya plastiki. Watoto wa kike wamepakwa hina na wanja, wamevaa magauni ya kumetameta yanayowasha shingoni. Mombasa uwanja ni Makadara, na zogo ni lile lile. Mgeni anakaribishwa, ila hana cha kufanya pale zaidi ya kuwa na watoto wake. Asiye na watoto aazime wa jirani.

Maulidi ya Lamu, mwezi wa Mfungo Sita, ni kitu kingine. Msingi wake ni msikiti wa Riyadha na jina la Habib Swaleh, na watu huja kutoka pwani nzima kwa ajili ya ibada, dufu na zefe. Pembeni mwa ibada kuna michezo: mashindano ya mashua, kuogelea, bao, na mbio za punda kwenye ukingo wa bahari. Punda wa Lamu, anayebeba matofali na saruji mwaka mzima katika mji wa vichochoro, siku hiyo anabeba kijana asiye na tandiko anayempigia kelele masikioni. Baadhi ya punda hushinda. Wengine husimama katikati ya njia na kutafakari, na umati unawapenda hao zaidi.

Ya ukutani ndiyo kalenda rahisi, na kwa hiyo nitaipitia haraka. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, na Dar es Salaam nzima inakwenda kwenye maonyesho ya biashara Barabara ya Kilwa, ambako watoto hununuliwa maputo na baba hurudi na blenda ambayo hakuikusudia. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoasisiwa mwaka 1997, kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Julai, na filamu kuonyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota. Tarehe zake hubadilika, uliza kabla ya kukata tiketi ya boti. Sauti za Busara, la muziki, ni la Februari, wakati wa kaskazi.

Agosti Kizimkazi nako kuna tamasha, ambalo limepata umaarufu tangu mzaliwa wa hapo, Samia Suluhu Hassan, awe Rais mwaka 2021. Ukienda, usiupite msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Watu wengi huupita. Wanakimbilia pomboo. Asubuhi moja boti nyingi huzunguka kundi moja la wanyama, injini zinaunguruma, mtu anapiga kelele "rukeni, rukeni!", na abiria wanajitosa juu ya vichwa vya pomboo ambao usiku kucha walikuwa wakiwinda na asubuhi ndiyo saa yao ya kupumzika. Chagua nahodha anayezima injini mbali na kusubiri. Wapo. Utaona pomboo wachache zaidi na utawaona vizuri zaidi.

Na jioni yoyote, ya kalenda yoyote, iko Forodhani. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila mtu anajua habari ya urojo, mishikaki na miwa ya kukamua. Nenda kabla ya hapo, saa kumi na moja, maji yakiwa yamejaa, yaani siku za bamvua au karibu yake, utazame makachu. Vijana wanajipanga nyuma kabisa, wanakimbia juu ya mawe, wanaruka ukuta wa bahari na kujikunja hewani, miguu juu, mikono imekumbatia magoti, kisha wananyooka sekunde ya mwisho. Kila mmoja ana mtindo wake na jina lake la mtindo. Watazamaji hupiga makofi au hucheka. Hakuna cha katikati. Maji yakipwa mchezo umefungwa, kwa sababu chini ni mawe.

Wasomaji wa Kenya watasema mwezi wao ni Desemba, na ni kweli. Kaskazi limeingia, bahari imetulia, shule zimefungwa, na tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, watu wa bara wanateremka Mombasa kwa treni mpaka tiketi zinakuwa adimu. Ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta hujaa watu waliovaa jinzi ndani ya maji, ngamia wenye vitambaa, na matairi ya kukodi ya kuelea. Mimi huwapeleka wageni Mama Ngina jioni, upande wa mnara wa taa, tukae na mhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, tukitazama meli zikipita Kilindini kwa ukaribu ambao unakufanya urudishe miguu.

Nimeacha Pemba mwisho kwa sababu haimo katika kalenda hata moja. Mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno waliokuwa na nguvu pwani hii karne ya 16 na 17, hufanyika kiangazi, mavuno yakishatoka shambani, siku ambayo kijiji kimekubaliana. Hakuna bango wala tiketi. Unasikia Chake kwa muuza kahawa kwamba keshokutwa kuna ng'ombe mahali fulani, unapanda gari. Fahali anafungwa kamba ndefu, zumari linalia, vijana wanamchokoza kwa kitambaa na kumkwepa. Hauawi, jioni anarudishwa kwa mwenyewe, na aliyewafukuza watu wengi hupanda bei. Hakuna uzio, na kamba ni ndefu kuliko unavyodhani. Wazee wa kike husimama karibu na miembe tangu mapema, na mgeni anayeona wanapanga kanga zao kiunoni aanze kutafuta tawi lake.